Sauti ya Kitanda cha Tisa

Jumatatu, 7 Juni 1999

Leo nimetenda dhambi. Ndogo. Nimeizuia barua moja tu.

Niandike kwa utaratibu. Saa nne asubuhi kompyuta ya Iqbal ilipiga kelele zake za kuku aliyebanwa na mlango, ikaleta barua kutoka ng'ambo. Tangu Februari Iqbal ameweka barua za kompyuta dukani kwake, pembeni ya mashine ya fotokopi, na mimi ndiye ninayezipokea, kuzichapa na kuzipeleka kwa wenyewe. Hospitali haina kompyuta ya namna hiyo, kwa hiyo barua zake hupitia kwetu. Hii ilikuwa ya hospitali. Chuo fulani kinatoa mafunzo kwa njia ya kompyuta, wiki sita, kwa wataalamu wa usemi: namna ya kuwahudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, waliopoteza sauti au wanaoshindwa kumeza. Je, hospitali inaye mtaalamu wa usemi?

Niliipeleka. Daktari mkuu akaisoma, akatikisa kichwa, akaniandikia jibu la kurudisha: asanteni sana, mtu wa namna hiyo hatuna.

Jibu hilo limo mkobani mwangu. Nimetuma langu. Nimesema yupo mmoja. Anaitwa Wilhelmina. Ana uzoefu wa miaka ishirini na miwili katika kazi ya usemi.

Si uongo! Miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye swichibodi ya Ushirika wa pamba, "Haloo, Mwanza hapa, nikuunganishe na nani?", mpaka walipotupunguza mwaka tisini na sita. Kama hiyo si kazi ya usemi, basi sijui ipi.

Sababu ya kufanya hivyo? Iko wadi namba tatu, kitanda cha tisa. Jana nilipokwenda saa ya kuona wagonjwa nilikuta kiti cha pembeni kina mtu, nikageukia mlangoni. Na wageni hawaruhusiwi zaidi ya saa mbili kwa siku. Mtaalamu anaruhusiwa saa yoyote.

Jumatano, 9 Juni

Wamenikubali! Mwalimu wetu anaitwa Margaret. Amefurahi mno kupata mtu kutoka kandokando ya Ziwa. Anauliza nina wagonjwa wangapi. Nimemjibu sita. Mmoja tu ingeonekana ni uvivu. Kila Jumatatu nimwandikie ripoti ya mgonjwa mmoja: anakula nini, anasema nini, anataka nini.

Somo la kwanza limekuja, kurasa tisa, Kiingereza kitupu. Nimekaa na kamusi hadi macho yakaniuma. Nimeelewa hivi: kuna wakati dawa zimekwisha kazi, lakini mtu hajaisha. Niliisoma sentensi hiyo mara tatu, halafu nikajifanya nina mafua kwa sababu Iqbal alikuwa ananitazama.

Koti jeupe nimelipata kwenye mitumba. Zuri, refu, limenikaa. Tatizo ni mfukoni, wamedarizi kichwa cha ng'ombe. Bila shaka lilikuwa la muuza nyama wa Ulaya. Nimeweka leso juu yake.

Alhamisi, 10 Juni

Nimeingia wadini saa tatu asubuhi. Sista Dorotea, mkuu wa wadi, binti wa miaka thelathini hivi, aliniamkia shikamoo, akaisoma barua ya Mwalimu Margaret mara mbili, akalitazama koti. Nikaiweka leso vizuri. Akasema karibu mama, kitanda cha tisa kwa kweli kinahitaji mtu.

Luhaga.

Miaka mitatu sijamtia machoni. Hata kabla ya hapo nilimwona mara nne tu, kwenye sherehe za Mei Mosi, kwa mbali, mkewe akiwa hai bado. Lakini sauti yake niliisikia kila siku ya kazi. Alikuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba kule Magu. Saa tatu kamili taa ya Magu inawaka, naingiza waya, inakuja ile sauti, nzito, ya taratibu, ya mtu anayetua gunia asitake kumwamsha mtoto. "Mwanza, umeamkaje?" Hakuniita jina hata siku moja. Alikuwa akiniita Mwanza. Mji mzima ni mimi.

Sasa ana uvimbe kooni. Wamemtoboa apumulie kwa mrija. Sauti hakuna, hata ya mnong'ono. Mikono inatetemeka, kalamu haikai. Alikuwa amefumba macho.

Nikasema, "Haloo, Magu."

Akafumbua.

Nikaongea saa nzima. Nani amekufa, nani amehamia Shinyanga, kampuni ngapi zinanunua pamba siku hizi, kila moja na mizani yake. Mwisho akafumba macho tena. Kwa furaha, nadhani.

Mlangoni nikapishana na Ng'washi. Ndiye aliyekuwa amekalia kile kiti Jumapili! Tulikuwa ofisi moja, yeye mpiga chapa, tukapunguzwa siku moja. Sasa anauza chai na maandazi stendi ya Buzuruga. Mjane. Kashika chupa ya chai yenye michoro ya maua. Akaniuliza tangu lini nimekuwa daktari. Nikamwambia mambo ya kitaalamu siyajadili koridoni.

Anaongea na Luhaga Kisukuma. Mimi Mkerewe, naambulia nusu. Nilisimama nje ya dirisha nikiambulia nusu kwa dakika ishirini.

Jumapili, 13 Juni

Siku mbaya. Niiandike haraka.

Somo la pili lilihusu kumeza. Hazina! Linasema kitu chepesi kama chai kinaweza kukimbilia njia ya pumzi, kinaingia mapafuni, wakati kitu kizito kidogo kinateremka polepole. Chai! Nusura nimbusu Iqbal. Nikaenda wadini na uji mzito wa ulezi, nikamkuta Ng'washi na chupa yake, nikamwambia mbele ya Sista kwamba kitaalamu ile chai ni hatari. Nilitegemea abishe. Hakubisha. Aliifunga chupa, akaishika mapajani kwa mikono miwili, akasema hakujua.

Sasa, ile karatasi ya pili ilitoka nusu. Wino uliisha. Nilimwomba Iqbal aweke mwingine, akasema, "Dada Mina, wino si maji ya ziwa." Kwa hiyo pale somo linapoeleza kidevu cha mgonjwa kiwekwe vipi, maneno yalififia. Nikakisia. Kifaranga akinywa hainui kichwa? Nikamwinua Luhaga kidevu juu, nikampa kijiko.

Alikohoa hadi akawa wa bluu. Sista Dorotea alikuja mbio, akamwinamisha, akamvuta makohozi kwa ile pampu ya mguu. Ilichukua muda mrefu. Mimi nimeshika bakuli.

Sista akaniambia, kwa heshima zote, mama naomba uende nyumbani.

Ng'washi hakunicheka. Angenicheka ningepata nafuu.

Kidevu kinashushwa kifuani. Nimekwenda dukani Jumapili hii hii, nimefungua kwa ufunguo wangu, nimeutikisa ule mkebe wa wino hadi ukatoa mistari mitatu ya mwisho. Kifuani! Na vijiko vidogo. Na akichoka, acha. Na asipotaka, acha kabisa, usimlazimishe, kula kwake sasa si kwa ajili ya nguvu, ni kwa ajili ya ladha.

Ladha. Luhaga alikuwa akipenda nini? Sijui. Namjua kwa sauti tu.

Jumatano, 16 Juni

Nimerudi. Mpango: jana nilimpelekea Sista Dorotea somo zima, safi, nimelitafsiri kwa mkono wangu kwenye daftari, na nikamwomba radhi. Kuomba radhi hakukuwa sehemu ya mpango, kulitoka kwenyewe. Alisoma akiwa amesimama. Halafu akaita manesi wawili wasome. Akasema, mama, njoo kesho, lakini kijiko ashike nesi.

Sawa. Mimi nina ubao.

Ubao ni somo la tatu. Nimeutengeneza kwa boksi la sabuni: herufi zote, safu tano. Q na X nimeziacha, hazina kazi kwetu. Mimi nataja safu, moja, mbili, tatu, yeye anagonga kidole shukani kwenye safu anayotaka, kisha nataja herufi za safu hiyo, anagonga tena. Polepole kama kusubiri meli. Lakini inakwenda!

Akaanza. C. H.

"Chai!" nikapiga kelele. Akagonga mara mbili, maana yake hapana. "Cha kula! Chandarua!" Hapana, hapana. Nikageuka kumwuliza Sista kama mzee ameomba chandarua. Nilipogeuka tena tulikuwa tumechelewa. Ilikuwa choo.

Tulipobadilisha mashuka alinitazama, mabega yakatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Kicheko kisicho na sauti, hewa tu inapiga filimbi kwenye mrija.

Kisha akaomba ubao kwa macho. M. W. A. N. Z. A.

Sista akasema maskini, anauliza yuko mji gani, ameanza kuchanganyikiwa. Nikasema ndiyo, huenda. Nikaenda maliwatoni nikafungulia bomba ili nisisikike.

Ijumaa, 18 Juni

Niliyoyapata leo sistahili.

Saa kumi na moja jioni. Ng'washi ameondoka kuwahi gari. Luhaga akaomba ubao. N. I. N. A. K. U.

Ninaku!

Nikaufunga ubao pale pale. Hata sekunde sikungoja. Kuna maneno mangapi yanayoanza hivyo? Moja! Mengine sitaki kuyajua. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Basi, usijichoshe, nimekuelewa. Na mimi pia." Akagonga kidole mara nyingi sana. Nikamwambia polepole, tuna muda. Nikaondoka kabla furaha haijamwagika wadi nzima.

Nimetembea kwa miguu hadi nyumbani Mkolani. Sikuona njia. Miaka hamsini na moja ninayo.

Jumamosi, 19 Juni

Ng'washi alifika kabla yangu asubuhi. Luhaga aliomba ubao, yeye akausoma kwa subira, herufi baada ya herufi, kama alivyokuwa akichapa barua za meneja bila kosa. Akanionyesha alipoyaandika kwenye karatasi ya maandazi:

NINAKUOMBA UFUNGUE DIRISHA.

Lilikuwa limefungwa tangu jana mchana. Joto la bati lile, na mtu anayepumulia mrija. Alikaa hivyo mpaka Ng'washi alipofika asubuhi.

Nilimwambia Luhaga nisamehe. Akagonga mara moja. Ndiyo. Mara moja tu, bila kusita, ndiyo maana imeniuma.

Somo la nne lilikuwa limeshachapwa tangu Alhamisi, limo mkobani, sijalisoma. Mstari wa kwanza: usimmalizie mgonjwa maneno yake. Mwalimu Margaret ameupigia mstari chini.

Ng'washi akaniuliza, nilidhani anasema nini? Nikamwambia nilidhani anaomba blanketi.

Jumatatu, 21 Juni

Ripoti nimetuma. Sikuandika habari ya dirisha.

Somo la tano lina swali moja la kumwuliza mgonjwa: siku zilizobaki angependa ziwe wapi? Kazi ya nyumbani, lazima. Nilifurahi. Nilijua jibu. Angesema hapa. Hapa kuna dawa ya maumivu, kuna Sista, kuna mimi.

Nikamwuliza. Safari hii sikusema neno, nilijiuma ulimi.

K. I. S. E. S. A.

Kisesa ndiko alikojenga, anakaa dada yake Sabina. Kisesa hakuna wadi namba tatu. Kisesa mtaalamu wa usemi hana kazi. Kisesa mimi ni nani? Nitasema nimekuja kwa nani?

Sista Dorotea akapita, akauliza, "Mama, amesemaje?"

Nikasema anataka kubaki.

Sista akafurahi kweli. Akaandika kwenye faili, kisha akamwinamia akasema kwa sauti ya kumchangamsha, "Mzee wangu, mama ameniambia unataka kubaki na sisi. Umefanya vizuri."

Luhaga hakugonga. Alinitazama. Hakukasirika, ningejua la kufanya na hasira. Alinitazama kama mtu ambaye laini imekatika katikati ya neno, amekaa anashikilia simu, anangoja irudi.

Nikauweka ubao chini ya koti nikaondoka nao.

Jumanne, 22 Juni

Nimemwambia Ng'washi ubao umelowa, unakauka.

Jumatano, 23 Juni

Bado unakauka. Iqbal anauliza kwa nini boksi la sabuni lenye herufi liko chini ya meza yangu. Nimemwambia ni la wateja.

Wadini sikwenda. Saa tatu kamili nilitazama simu ya dukani. Hakuna aliyepiga.

Alhamisi, 24 Juni

Nimekwenda. Sista akaniambia mzee hajataka kijiko tangu Jumatatu. Nesi akijaribu anageuza uso ukutani. Sista alidhani ni ugonjwa unasonga. Mimi nilijua ni nini kinasonga.

Nikamvuta Sista hadi chumba cha shuka. Nikamwambia alisema Kisesa. Nilisikia vizuri, herufi sita, nikasema uongo kwa sababu nilitaka kukaa naye. Nikaona bora nimalize, nikamwambia na mengine: mimi si mtaalamu, ni mpokea simu, barua ya daktari mkuu ninayo bado.

Sista Dorotea alikunja shuka mbili kabla ya kujibu. Akasema hilo la pili alilijua siku ya kwanza. Mtaalamu gani anavaa koti lenye kichwa cha ng'ombe? Leso ilidondoka mara tatu. Lakini aliona mzee anautazama mlango saa ya mimi kuja, na dawa ya namna hiyo kabatini hana. Hilo la kwanza, akasema, hilo mama ni baya. Hakupandisha sauti. Akaenda kubadilisha faili.

Luhaga anaondoka kesho kutwa. Nesi wa zahanati ya huko atakuwa anapita na dawa ya maumivu. Ng'washi ndiye aliyekwenda stendi kutafuta gari la kumlaza. Mimi nimemwandikia dada Sabina kurasa mbili: kidevu kifuani, vijiko vidogo, ubao unavyotumika, dirisha.

Jumapili, 27 Juni

Nimekwenda Kisesa na Ng'washi. Pamoja! Tulikaa siti moja, chupa ya chai katikati.

Dada Sabina, mwembamba, mwenye haraka, alitupokea kama ndugu. Pamba imeanikwa barazani kote, nyeupe hadi mlangoni. Luhaga amelazwa akitazama nje. Malori ya wanunuzi yanapita barabarani yakitangaza bei kwa vipaza sauti, na kila likipita anainua nyusi, karani bado anapima. Nywele zimechanwa. Ameonja asali, Sabina kasema, tone moja mdomoni, akafumba macho.

Ng'washi akampa habari zake Kisukuma, akambusu kwenye paji la uso, akatoka nje kumsaidia Sabina kuchagua pamba. Akavuta mlango. Yule mwanamke! Sikumwomba.

Nilikuwa na karatasi tatu za mambo ya kumwambia. Kabla sijafungua ya kwanza akaomba ubao.

K. A. A.

Nikakaa. Nikazirudisha karatasi mkobani. Tukakaa. Sijawahi kukaa hivyo na mtu. Kuku alipita juu ya pamba, nikamwacha.

Halafu akaanza tena, nami nikajiziba mdomo kwa mkono wa kushoto ili nisimmalizie. Ilichukua, kwa saa yangu, dakika thelathini na tano. Alipumzika mara nne.

SIKUWA NASAHAU IDADI.

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Kila asubuhi, miaka yote ile, Luhaga alipiga mara mbili. Mara ya kwanza kutoa idadi ya marobota kwa meneja. Baada ya robo saa anapiga tena: samahani Mwanza, nilisahau idadi ya jana, niunganishe tena, lakini kwanza umeamkaje? Ofisi nzima tulikuwa tukimcheka, karani wa Magu kichwa maji. Na mimi nilicheka pamoja nao.

Nikamwuliza, "Kila siku?"

Akagonga. Mara moja.

Nilitaka kumwambia jambo. Nilikuwa nalo kamili, tangu mwaka sabini na tisa. Nikafungua mdomo ikatoka: "Nikuunganishe na nani?"

Mabega yakatikisika. Mrija ukapiga filimbi. Tukacheka, yeye kimya, mimi kwa wawili, hadi Sabina akachungulia.

Jumamosi, 3 Julai

Luhaga amefariki Alhamisi saa tatu asubuhi. Sabina alimtuma mtu dukani. Nilikuwa nachapa barua ya mnunuzi wa minofu ya sangara. Niliimaliza. Nadhani haikuwa na nukta wala mkato.

Tumemzika jana hapo hapo Kisesa. Sista Dorotea alikuja kwa lifti ya lori, na sare yake. Ng'washi alilia kwa sauti, kwa mpango, kama mtu anayejua kazi. Mimi sikuweza. Nilisimama nimeshika ubao, Sabina kanirudishia, watu wakidhani ni picha ya marehemu.

Ng'washi alinishika kiwiko wakati wa udongo. Akasema, "Mina, alikupenda wewe. Mimi nilijua tangu ofisini. Nilikuwa naleta chai tu."

Jumatatu, 5 Julai

Siku ya ripoti. Nimekaa mbele ya kompyuta tangu saa mbili.

Fomu ya Mwalimu Margaret ina mistari mitatu. Anakula nini. Anasema nini. Anataka nini. Mstari wa kuandika kwamba hayupo, hakuna. Kwa hiyo kosa la kwanza ni la fomu.

Nikaandika: amefariki. Nikafuta. Nikaandika kwa Kiingereza, likaonekana la mtu mwingine. Nikafuta.

Iqbal akasema dada, kama hakuna kazi nenda kapumzike, akaniwekea soda pembeni. Iqbal! Soda!

Nimetuma hivi: hali ni ileile. Wiki moja tu. Wiki ijayo nitasema.

Jumatatu, 12 Julai

Wiki iliyopita niliandika hali ni ileile. Leo nisingeweza kuandika amekufa ghafla, ingeonekana nilizembea. Nimeandika ana nafuu kidogo. Amekula kipande cha embe.

Embe Julai! Nitasema lilitoka Tabora.

Nilipoandika hayo nilimwona. Kabisa. Juisi kidevuni. Nimefika nyumbani nimelala bila kuota.

Jumatatu, 19 Julai

Mafunzo yamekwisha rasmi. Cheti kinakuja kwa posta, chenye muhuri. Mwalimu Margaret ameuliza kila mmoja, mafunzo haya yamekubadilisha vipi? Nimejibu ukurasa mzima. Nimejifunza kusema ukweli hata ukiuma. Nimejifunza kutosema kwa niaba ya mgonjwa. Nimejifunza kumwacha aende anakotaka kwenda. Nimeusoma mara mbili, nikajionea fahari.

Chini yake nikaweka ripoti ya wiki: mgonjwa wangu ameketi mwenyewe barazani. Ameota jua. Ameuliza bei ya pamba, akasema wanunuzi ni wezi.

Nilimsomea Ng'washi. Siku hizi nampitia Buzuruga jioni, ananiwekea kikombe. Akasema, "Mina, utafungwa." Kisha akasema, "Aliulizaje? Kwa ubao?"

Nikamwambia ndiyo. Herufi zote mwenyewe.

Akageuka kupuliza mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Jibu la Mwalimu Margaret nilikuwa nimelipata mchana ule ule: hakuamini macho yake. Katika miaka yake yote ya kazi hajapata kuona mgonjwa wa namna hii akipata nafuu kiasi hicho. Ameomba niendelee kumwandikia kila Jumatatu ingawa mafunzo yamekwisha. Na Septemba anakuja mwenyewe, na madaktari wawili, kumwona.

Ungekuwa wakati mzuri wa kueleza. Laini ilikuwa safi, wino upo, Iqbal katoka.

Nimemjibu: karibuni sana, mzee naye anawangoja.

Septemba ni mbali. Nitafikiria kitu. Wiki ijayo, kama mambo yataenda hivi, nadhani atakuwa ameanza kutembea.